Sangara Tuliowaachia

Septemba 2

Msimu umefunguliwa leo na tayari nimeshachefuka. Mgeni wa kwanza ni daktari wa meno, mtu mnene mwenye sauti nyororo, na aliposhuka gatini alikuwa amejipaka mafuta ya kuzuia jua mpaka anang'aa kama sufuria mpya. Nikamwambia anawe mikono. Akasema ameshanawa bafuni. Nikamwambia si kunawa kwa ajili ya kula, ni kunawa kwa ajili ya samaki, atoe mafuta yote na abaki na mikono mibichi, asiifute kwa taulo. Akamgeukia mdogo wangu kama anayeuliza huyu mama ametokea wapi.

"Huyo ni dada yangu," mdogo wangu akasema. "Ndiye anayeachia samaki. Msikilize tu, mkali lakini hang'ati."

Kazi yangu ni hiyo, kuachia. Mgeni anavua, anapigwa picha, mimi nampokea samaki na kumrudisha ziwani akiwa mzima. Niliifanya miaka mingi kwa watu wa utafiti, waliokuwa wakiwatia samaki alama na kuwaacha waende zao. Jirani zangu wakisikia kwamba naamka asubuhi kwenda kurudisha samaki majini wanashika mbavu kwa kicheko, na siwalaumu.

Niliandike jambo lenyewe mapema ili nisije nikajidanganya baadaye. Ghuba hii ni ya wavuvi wa nyavu. Mume wangu ni mmoja wao, na msemaji wao ni baba mkwe. Mdogo wangu, ambaye tangu achoreshe kibao cha kambi yake ya wageni wa kuvua tunamwita Mkurugenzi, aliwaomba wamwachie ghuba kwa msimu mmoja, wageni wavue kwa ndoana tu na kila samaki aachiwe hai. Walikataa. Ndipo nikasimama kikaoni nikasema samaki akishikwa vizuri anaishi, na atakayewashika ni mimi. Baba mkwe akaniuliza kama nina hakika. Nikasema ninayo. Nyavu zikatolewa. Sasa mume wangu anazunguka rasi kwenda kuvua maji ya mbali, na msimu ukiisha nitasimama tena mbele ya wazee kusema kama walioachiwa waliishi. Wakiniamini, ghuba inabaki ya kambi miaka mingine. Nikisema hawakuishi, kambi imekwisha. Kila mtu amelikalia neno langu.

Septemba 5

Daktari wa Meno amembusu sangara mdomoni.

Sitii chumvi. Samaki alikuwa mkubwa, urefu wake kama wa mtoto wa shule, na nilikuwa nimemlaza kwenye machela ya turubai iliyolowa, tumbo limeshikiliwa vizuri, macho yamefunikwa kwa kitambaa kibichi. Sheria yangu ni kwamba samaki akitoka majini na mgeni anabana pumzi. Ukitaka kupumua, mrudishe, maana yeye pia anataka. Daktari akabana pumzi kama mtoto mtiifu, akavimba mashavu, kisha badala ya kutabasamu akainama na kumpa busu refu, macho yamefumbwa. Wifi yangu, mke wa Mkurugenzi, anayepika na kupiga picha, alicheka mpaka kamera ikatikisika.

Ute wa samaki ulimning'inia kwenye sharubu. Akaulamba. Huko nyumbani kuna mwanamke anausubiri mdomo huo.

Septemba 9

Kambare wawili na mgeni mmoja mlevi. Kambare walikuwa na adabu.

Septemba 13

Leo ilikwenda inavyotakiwa, niandike ili nisionekane wa kununa tu. Sangara wa wastani, ndoana imeshika pembeni mwa mdomo, haikuchukua muda. Sikumtoa majini kabisa. Nilisimama maji yakinifika kifuani, mkono mmoja chini ya tumbo, mwingine kwenye shina la mkia, kichwa kimeelekea mkondo ili maji yaingie mdomoni na kutokea kwenye matamvua. Wageni wote wanadhani samaki anasukumwa mbele na nyuma kama mtoto kwenye bembea. Ukimrudisha nyuma unamkaba. Nilimshika tu, kimya, mpaka nikaona anaanza kukataa mkono wangu. Ile nguvu inaanza kidogo kidogo kwenye mkia, halafu ghafla anakupiga maji ya uso na hayupo. Nilibaki nimelowa mpaka kwenye nywele na nilicheka peke yangu.

Nilimsimulia mume wangu jioni akiwa anakwangua matope miguuni. Amerudi na dagaa nusu ndoo na sato wadogo wa kutia huruma.

"Mnacheza na chakula," akasema.

"Hatuchezi. Anaishi."

"Hata paka akimwachia panya kidogo anaishi."

Hakusema kwa hasira. Alikuwa amechoka, mabega yamemlegea. Nikamsugua mgongo.

Septemba 19

Nimeshinda na koleo. Kila ndoana ya kambi nabana kile kijino cha nyuma mpaka kilale, ili itoke mdomoni bila kuchana nyama. Nikishamaliza naikwangua msalaba mdogo kwenye shingo ili nijue imepita mkononi mwangu. Mkurugenzi analalamika kwamba ndoana zisizo na kijino zinapoteza samaki na wageni wananuna. Nikamwambia wanune.

Joto limeanza. Maji ya kandokando yamekuwa kama ya kuogea mtoto.

Septemba 22

Mgeni ametaka nimshikilie sangara wima kwa taya, aning'inie kwenye mizani, ili "aonekane mrefu." Nimemwambia uti wa mgongo wa samaki haujazoea kubeba tumbo lake hewani. Akasema yeye ndiye mteja. Mkurugenzi akanikonyeza. Nikamlaza samaki kwenye machela na kumpima hivyohivyo akiwa amelala. Mteja hakunisemesha tena mpaka akaondoka, na huo ulikuwa upande mzuri wa siku.

Septemba 28

Daktari wa Meno amerudi. Huja kila mwisho wa juma sasa. Lazima niseme kweli, amejifunza. Ananawa bila kuambiwa na busu ameliacha, ingawa namwona anavyotamani.

Lakini sangara wake wa leo alikuwa ameimeza ndoana, imezama kooni karibu na matamvua, na damu inatoka. Hapo hakuna kuvuta. Ukivuta unatoka na nyama yake. Nikakata mshipi karibu kabisa na mdomo nikaiacha ndoana humohumo. Wengi huishi nayo, inaliwa na kutu. Nilimshika muda mrefu. Alikwenda, ingawa aliinamia upande mmoja kidogo. Daktari akaniuliza kama ataishi. Nikasema ndiyo. Nilisema haraka mno.

Oktoba 1

Naandika nikiwa nimefunga mlango.

Usiku wa leo wageni walikula samaki wa kukaanga. Wifi anasifiwa sana kwa samaki wake, na wageni wanapenda kusikia kwamba hawakutoka ghubani, kwamba ni wa sokoni. Wanakula huku wakisimuliana walivyowaachia wao. Mmoja, bwana harusi aliyekuja na mkewe, alikuwa akieleza mdomo umejaa jinsi alivyosikia "roho ya samaki ikimshukuru" aliporudi majini. Mafuta yalimtiririka kidevuni.

Mimi hukaa mwisho wa meza na chai yangu. Daktari wa Meno aliacha kutafuna. Akaingiza vidole viwili mdomoni, kwa ustadi wa kazi yake, akatoa kitu, akakifuta kwa kitambaa na kukisogeza kwenye taa. Ndoana. Mkurugenzi akaiona na kucheka kabla mtu yeyote hajasema.

"Wavuvi wetu hawa," akasema. "Wanatuuzia samaki na ndoana zao bure."

Watu wakacheka. Daktari hakucheka. Alinyanyuka, akazunguka meza, akaiweka kando ya kikombe changu.

"Nadhani ni yako, mama," akasema kwa sauti ya chini.

Kijino kimelazwa. Msalaba wangu upo shingoni. Na wavuvi wetu hawatumii ndoana, wanatumia nyavu, hilo hata kuku wa kambi wanalijua.

Oktoba 2

Daktari ameondoka alfajiri na kuacha ujumbe kwamba hatarudi. Mtu niliyemcheka kwa busu lake ndiye pekee aliyeshindwa kumeza.

Niliingia jikoni kabla ya chai. Wifi alikuwa anaosha vyombo. Nikalifungua friza kubwa ambalo siku zote huambiwa ni la nyama. Lilijaa sangara mpaka kifuniko kinasita. Wamekatwa vipande, wamefungwa kwenye nailoni. Vichwa vilikuwa chini kabisa, vimegandana, midomo wazi, na kimoja bado kilikuwa na alama nyeupe ya mkono mkavu mgongoni, pale ute ulipotoka na ukungu ukaota. Nilikumbuka samaki huyo. Nilikumbuka na mkono uliomshika.

"Wifi," nikasema, "hawa wametoka wapi?"

"Unaniuliza mimi?" akajibu bila kugeuka. "Mimi naletewa napika. Muulize mdogo wako."

Mdogo wangu alikuja amejifunga taulo. Hakukana hata kidogo. Kila siku kabla hatujaamka huchukua mtumbwi mdogo, anazunguka matete na kuwaokota walioelea. Si kila siku wapo, akasema. Kwenye joto hili ndipo wanapozidi.

"Ulitaka niwaache waoze?" akaniuliza. "Wanuke, shemeji na wenzake wapite wawaone? Wewe ulisimama ukatoa neno, dada. Mimi nalilinda neno lako."

Nilitamani kumtapikia miguuni. Ananifichia maiti na kuniuzia kama fadhila. Na kwa kuwa ana mkono wa birika, hata maiti hazitupi, anazipika na kuwalisha waliowaua, wanamlipa mara mbili na kumshukuru.

Nikamwambia nakwenda kwa baba mkwe sasa hivi. Ndipo akakaa kwenye gunia la mchele, taulo na yote, akashika kichwa. Kambi ni ya mkopo. Mama yetu anaishi chumba cha nyuma cha kambi hiyohiyo, na dawa zake zinatoka humo. Akasema tuache kuvua jua likipanda, tuache kuvua kilindini, nitakavyo mimi. Akasema nimpe mpaka mwisho wa msimu.

Nikampa. Nimeiandika kwa herufi kubwa kichwani na inanitia kinyaa: nikampa.

Oktoba 7

Tunavua alfajiri tu. Matete ni safi. Nimezunguka mwenyewe.

Oktoba 8

Safi.

Oktoba 11

Safi. Joto halina huruma. Maji yamerudi nyuma, gati limebaki na miguu mirefu mitupu. Wageni wanalala mchana wakilalamika kama watoto walionyimwa kutoka.

Oktoba 15

Mume wangu amerudi jioni na kiganja kilichopasuka. Maji ya mbali yana mawe, nyavu zinanasa na lazima azivute kwa mkono. Nilimwosha na kumfunga. Akaniuliza, bila kunitazama, habari za ghubani.

"Nzuri," nikasema.

"Baba anakusifu kila kikao. Anasema mkwe wangu hasemi asilolijua."

Niliendelea kufunga kile kitambaa hata kilipokwisha kufungwa.

Oktoba 18

Mkurugenzi amenipa viatu vya mpira vipya. Vinanipwaya. Nimevivaa.

Oktoba 23

Siku ndefu. Kesho mikono haitaandika, acha niandike leo.

Amekuja mgeni mwenye kamera kubwa na watu wengi wanaomfuata mtandaoni. Mkurugenzi tangu juzi anamtazama kama anayetazama mvua ikija. Mgeni wa Kamera alilala mpaka jua likatoka kabisa, akanywa kahawa yake polepole, kisha akasema sasa anataka kuvua kilindini, pale kwenye korongo la chini ya rasi.

"Hatuvui saa hizi," nikasema. "Wala hatuvui pale."

"Leo tunavua," Mkurugenzi akasema. "Mara moja tu, dada."

Ningeweza kubaki gatini. Nilipanda botini kwa sababu nilijua wakienda bila mimi itakuwa mbaya zaidi. Hivyo ndivyo nilivyojiambia msimu wote.

Alimpata. Sijawahi kumwona sangara wa ukubwa ule, hata enzi za utafiti. Alipigana naye mpaka shati la mgeni likawa la kukamuliwa. Samaki wa kilindini anatakiwa avutwe polepole, na mimi nilikuwa na jiwe langu la kumshushia: jiwe zito lenye kamba na ndoana iliyogeuzwa, unamshikiza mdomoni, linamrudisha chini alikotoka, ukivuta kamba ndoana inachomoka. Humsaidia samaki aliyefura hewa kwa kupandishwa haraka, mradi afanyiwe mara moja.

Hakufanyiwa mara moja. Alipotokeza, tumbo lilikuwa limevimba kama mpira na kitu cha waridi kimemtoka mdomoni, ambacho wageni hudhani ni ulimi. Ni tumbo lake. Nikasema ashushwe sasa hivi. Mgeni akasema picha kwanza. Akamnyanyua. Mimi nikasema pumzi, bana pumzi. Akapumua. Alipumua vizuri sana, akaongea na kamera, akaeleza alikozaliwa, akaeleza anavyowapenda viumbe wa maji. Akasema mwanga si mzuri, wageuze boti. Mkurugenzi akageuza boti. Nilimkamata mdogo wangu mkono nikamwambia samaki anakufa. Akasema, "Malizieni tu haraka," bila kujua anamwambia nani.

Mwishowe nilimnyang'anya. Ndilo neno lenyewe. Mgeni akaanguka kwa makalio na kamera ikaendelea kurekodi. Nikaruka majini na samaki.

Jiwe halikusaidia, alirudi juu. Nikamshushia tena, akarudi. Basi nikaogelea naye mpaka penye kina cha kusimama, upande wa kivuli cha miamba, nikamshika kichwa kwenye mkondo kidogo uliokuwepo. Boti liliondoka. Mgeni alitaka kuoga. Nilisikia injini ikipotea.

Nilibaki naye. Matamvua yalifunguka, yakakaa, yakafunguka. Macho yake yalikuwa na rangi ya shaba na hayakunitazama, samaki hakutazami, sipendi watu wanaosema wanatazamwa. Mikono iliniganda. Nilijua amekwisha kufa na sikumwachia, nilikuwa naona haya kumwachia, maana nikimwachia ataelea, na akielea ndiyo kukiri kwamba amekufa.

Mume wangu akapita na mtumbwi wake, anarudi kutoka ng'ambo ya rasi. Aliniona. Akaacha kupiga kasia.

"Una nini hapo?"

Nikamwonyesha. Akamtazama muda mrefu. Nadhani alikuwa akihesabu siku zake ngapi za kazi zingetosha samaki yule mmoja.

"Wako wengi hivi?" akauliza.

"Wako."

Alinipa mkono nikapanda. Nikamwambia tumwache palepale, wala asimguse. Akasema haachwi samaki kuoza, ila kama si wetu si wetu. Akamfunga kamba mkiani, akamkokota mpaka kwenye gati la kambi, akamfungia nguzoni na tukaenda nyumbani. Mchana kutwa nilikuwa nimeshika maiti, na mtu aliyenistahi kuliko wote alikuwa yule nisiyemwambia kweli.

Usiku alisema neno moja tu: "Kikaoni utasema wewe. Mimi siwezi kukusemea, wala sitakutangulia kwa baba."

Oktoba 24

Samaki hayupo nguzoni. Sikuuliza. Friza linasita kufunga.

Oktoba 30

Nimevivua viatu vya mpira nikavirudisha jikoni. Wifi kavipokea bila swali. Baadaye akanifuata uani. Akasema naye huoga mara mbili kila siku na bado ananuka. "Nimechoka kukaanga siri za mumeo huyu," akasema, akajisahihisha, "mume wangu," tukacheka vibaya, kicheko cha kutaka kulia. Tangu siku ya friza nilimwona kama mshirika wa mumewe katika uchafu. Ni mtumishi tu kama mimi, tena yeye hata hajapumzika majini.

Novemba 4

Wageni wamepungua. Picha ya Mgeni wa Kamera imesambaa, watu wanampongeza kwa kumwachia samaki. Anaonekana akitabasamu na mimi naonekana mkono tu.

Novemba 10

Mawingu kutwa, hakuna tone. Mkurugenzi amekuja nyumbani na sukari, akakaa na mume wangu, wakaongea habari za mpira. Alipoondoka akaniambia mlangoni, "Sema tu kwamba wengi waliishi. Si uongo, dada."

Si uongo. Hicho ndicho kinachonikera zaidi. Wengi walikwenda kwa nguvu zao, nilihisi mikononi. Lakini siwezi kuapa ni wangapi walifika waendako.

Novemba 16

Kikao kilikuwa leo, kwenye ukumbi wa chakula wa kambi, na Mkurugenzi ndiye mwenyeji. Alitandika vitambaa. Wazee walikuja na kanzu safi na mashati ya kupigwa pasi, mume wangu akakaa karibu na mlango. Mdogo wangu akasema watu wapate chakula kabla ya maneno. Alinong'oneza jikoni, wifi akatoka na sinia, na nilipoona vile vipande nikajua. Alikuwa analipunguza friza. Wageni wamekwisha, msimu umekwisha, umeme ni ghali, wazee wana njaa. Mkono wa birika haukumwacha hata siku hiyo.

Wifi aliiweka sinia mezani na hakuniangalia.

Walikula. Mzee mmoja akasifu. Baba mkwe alimega kipande, akakigeuza, akapima unene wa mnofu kwa kidole gumba. Akala taratibu.

"Samaki mzuri," akasema. "Mmempata wapi?"

"Sokoni, mzee," Mkurugenzi akasema. "Nimeagiza jana kwa ajili yenu."

"Soko hili letu?"

"Hilohilo."

Mtu mmoja akakohoa, labda alikuwa anacheka. Wanaolilisha soko hilo walikuwa wamekizunguka kitambaa chake, wote, na msimu mzima hakuna kati yao aliyetua na sangara mwenye mnofu wa kujaza kiganja. Mdogo wangu alikwisha kuwadanganya wageni wengi kwa jibu hilo mpaka akasahau leo anamjibu nani. Nilimwona anavyoelewa. Rangi ilimtoka usoni.

Baba mkwe hakumwuliza tena. Alinigeukia mimi.

"Mkwe, habari za msimu tutazisikia. Kwanza niambie huyu aliye kwenye sahani."

Mkurugenzi alinitazama kama alivyokuwa akinitazama utotoni akivunja chombo cha mama, akingoja niseme ni mimi. Nami siku zile nilikuwa nasema ni mimi. Nikasimama.

"Ametoka ghubani, baba. Alivuliwa jua kali, kilindini, na mimi nilikuwepo. Nilimshika mpaka jioni akafa mikononi mwangu. Mume wangu alimwona, na aliniachia mimi niseme."

Nikasema na yaliyobaki. Ndoana, friza, matete ya alfajiri. Nikasema nimejua tangu mwanzo wa Oktoba na nikanyamaza. Nikasema pia kwamba wako waliokwenda vizuri, kwamba kazi yenyewe inawezekana maji yakiwa baridi na watu wakiwa na haya. Mzee mwingine akauliza, "Kwa hiyo waliishi au hawakuishi?" Nikasema sijui. Msimu mzima watu wameondoa nyavu zao ghubani kwa hakika yangu, na mbele yao nikasema sijui.

Hakuna aliyenipigia kelele. Ningefurahi wangenipigia. Mkurugenzi akaanza, "Mzee, tulikubaliana mpaka," na baba mkwe akainua mkono wenye mafuta kumkatiza. Kisha akamwambia mume wangu, kwa sauti ya kumwagiza chumvi, "Kesho msizunguke rasi. Tegeni hapa."

Mama yetu alikuwa chumba cha nyuma, ukuta wa mbao. Najua alisikia.

Nilitaka kutoka. Baba mkwe akaisogeza sinia upande wangu.

"Keti ule, mkwe."

Nikasema sitaweza, tumbo limechafuka.

"Limechafuka la nani? Sisi tumekula bila kujua. Wewe unajua. Keti."

Nikaketi. Wifi akaniletea maji ya kunawa. Nilimega kipande kidogo nikakitia mdomoni nikiwa nimejiandaa kutapika mbele ya wakwe zangu wote, na hilo lingekuwa halali yangu. Sikuwa nimeonja sangara tangu nyavu zitolewe.

Alikuwa mtamu. Nilimtafuna nikiomba asiwe mtamu, nikamega tena, nikala mpaka miiba ikabaki.